Kujenga mkonga wako kidogo kidogo: mpango wa miaka kwa mtu wa Kigoma

Wakuu, mtu ananunua Land Cruiser mkonga ya zamani (ile yenye bomba la kuvutia hewa lililopanda juu ubavuni), hata oili hajamwaga, anaanza kuuliza taa za juu ya kerea zinapatikana wapi. Taa ni nzuri sikatai, ila gari ya porini haianzi na taa. Hapa naandika utaratibu wa kuijenga kwa miaka minne mitano, maana hela zetu zinakuja kwa msimu, spea nyingi zinatoka Dar kwa basi, na gari yenyewe unaihitaji iendelee kutembea wakati unaijenga, sio ikae juu ya mawe gereji mwaka mzima inasubiri kifaa.

Kwanza lengo. Usiandike "nataka gari ya nguvu", hilo halikusaidii kitu. Andika barabara, msimu na mzigo. Mfano: nataka kufika Kalya kupitia Ilagala mwezi wa pili, watu wanne, dizeli ya kwenda na kurudi, bila kuvutwa na mtu. Sentensi hiyo tu inakuchagulia tairi, springi, tanki, na inakuambia pia vitu gani usinunue. Maana huku kwetu barabara hazifanani kabisa. Kigoma, Kidahwe mpaka Kasulu ni lami, hapo hata IST inafika. Ukiacha lami ukaingia vijiji vya milimani Kasulu na Buhigwe unakutana na ule udongo mwekundu, mvua ikipiga kidogo gari inatembea ubavu kuelekea mtaroni hata ukiwa na fowili, tairi zote nne zinavuta. Uvinza kushuka Mpanda ni miombo, vumbi, na ukitoka kwenye lami rasta, yale matuta madogo madogo yaliyofuatana, za kung'oa meno. Mwambao wa Ziwa Tanganyika kwenda upande wa Mahale ni vijito, mchanga na tope kwa zamu. Na kwenye mbuga za bonde la Malagarasi kuna udongo mweusi unaojaza tairi mpaka meno yote yanapotea unabaki na kipara kinachozunguka. Kila moja inataka gari tofauti kidogo, kwa hiyo chagua moja iwe ndo mtihani wako mkubwa, nyingine ziwe za njiani.

Gari gani sasa. Mi ni mtu wa Land Cruiser 70, ilianza kutengenezwa 1984, na injini ya 1HZ iliyokuja 1990: lita 4.2, silinda sita, dizeli, haina turbo. Sio ya mbio, mlima wa kwenda Kasulu na mzigo utapitwa na mabasi na utazoea. Ila ukiharibikiwa Kibondo fundi wa pale anaijua. Wenye Land Rover 110 na wenye Jimny tusigombane, utaratibu ni uleule, kinachobadilika ni namba za spea tu. Magari mengi ya huku yanatoka kwenye minada ya miradi, yale yaliyokuwa na namba za DFP, za miradi ya wafadhili. Faida yake huwa yamefanyiwa sevisi kwa ratiba, hasara yake yamepigwa rasta na mzigo miaka na miaka. Kwa hiyo kabla ya kuangalia rangi lala chini ya gari na bisibisi na nyundo ndogo, gonga chesisi pale zinaposhikia springi za nyuma na pale shokapu zinapofungwa. Chuma kizima kinalia, chenye kutu ya ndani kinatoa mlio uliokufa na bisibisi inazama. Ukiona mahali pamechomelewa upya na kupakwa rangi nyeusi ya jana, uliza.

Mwaka wa kwanza usiongeze kitu chochote. Kazi ni afya tu. Taiming belti ya 1HZ inabadilishwa kila kilomita 100,000, na kama aliyekuuzia hana maandishi ya lini ilibadilishwa, weka mpya hata akiapa, maana ikikatika valvu zinagonga pistoni na hapo unanunua nusu ya injini. Rejeta itolewe ioshwe, hozi zote mpya, maana joto ndo linaua hizi injini zaidi ya umri. Halafu ekseli ya mbele: piga jeki tairi la mbele lining'inie, shika juu na chini, tikisa kwa nguvu. Ukisikia kugonga, mwambie mtu akanyage breki huku wewe unaendelea kutikisa. Kugonga kukiisha basi ni beringi za tairi, kukiendelea ni kingpini, pale tairi la mbele linapokatia kona. Ni dakika mbili, na fundi hawezi kukuuzia kitu usichohitaji. Angalia pia kwenye ile duara ya nyuma ya tairi la mbele, grisi ikiwa nyepesi inatiririka maana yake oili sili ya ndani imekufa, oili ya difu (boksi la gia la kwenye ekseli) inachanganyika na grisi.

Na jifunze hab zako, zile kufuli za katikati ya tairi za mbele. Kuna watu wana mkonga mwaka wa pili wanavuta gia ya fowili na hab ziko FREE, halafu wanalalamika gari haina nguvu. Shuka, zungusha zote mbili mpaka LOCK, kabla ya tope sio ndani ya tope.

Gari ikipitisha kiangazi kimoja na masika moja bila kukulaza njiani, ndo ununue tairi. Na hapa najua nitapingwa: baki na saizi nyembamba ya 7.50R16. Tairi pana inapendeza kwenye picha, ila kwa tope lenye ardhi ngumu chini yake tairi nyembamba inakata inatafuta ngumu, pana inaelea juu inateleza. Tena 7.50-16 ndo saizi za Canter, kwa hiyo tubu na tairi ya kuazima unaipata mpaka senta ndogo ambayo haina hata duka la soda ya baridi. Tairi kubwa kuliko hizo zinachosha klachi, breki zinazidiwa, na spidi mita inakudanganya. Tahadhari moja ya maana: rimu za ringi, zile za vipande, zinaua. Ukijaza upepo baada ya pancha ringi ikiwa haijakaa sawa inaruka kama jembe, kwa hiyo ifungwe mnyororo au igeuziwe chini, na usikubali kijana ainame juu yake.

Upepo ni matengenezo ya bure ambayo watu hawayatumii. Lami na mzigo weka kama PSI 40 mbele, nyuma zaidi. Kwenye rasta shusha mpaka 28 hivi utaona gari inaacha kuruka na shokapu zinapumua. Mchanga wa ziwani 18 mpaka 20. Ila kama una tubu usishuke zaidi ya hapo na usikanyage mafuta kwa hasira, tairi itazunguka juu ya rimu na kung'oa valvu. Kwa hiyo kompresa ndogo ya betri inanunuliwa siku moja na tairi, sio baadaye.

Springi sasa, na hapa ndo mpango wa muda mrefu unalipa. Springi zinachaguliwa kwa uzito wa mwisho wa gari, sio wa leo. Piga hesabu ya gari utakayokuwa nayo mwaka wa tano: matanki mawili ya lita 90 yakijaa ni kilo 150 hivi za dizeli, maji lita 60 ni kilo 60, watu wanne weka 300, ngao ya mbele na winchi (mashine ya kujivuta) 100, tairi la pili la akiba 35. Umeshafika karibu kilo 650 hujaweka hema wala mchele. Mtu akinunua springi laini mwaka wa pili, mwaka wa nne kafunga ngao na winchi gari inainamisha pua, ananunua tena. Akinunua ngumu kupita kiasi na gari tupu, mgongo ndo unalipa. Ukinyanyua, inchi 2 zinatosha, zaidi ya hapo krosi (viungo) za propela zinafanya kazi kwa kona mbaya, hozi za breki zinavutika, na gari juu ya mteremko wa Buhigwe inakuwa na kichwa kizito.

Maji yana kazi yake peke yake kwa sisi wa mwambao. Bomba la mkonga kuwepo sio kufanya kazi. Washa injini, iache sailensa bila kukanyaga mafuta, panda uzibe mdomo wa mkonga wote kwa kiganja au mfuko mgumu. Injini inatakiwa ikohoe izime. Ikiendelea kunguruma tu, inavuta hewa mahali pengine, kwenye kiungo cha bodi au boksi la filta, na panapoingia hewa ndo patakapoingia maji. Maji hayabanwi, yakiingia kwenye silinda yanapinda koni rodi. Cha pili ni vipumulio vya difu. Difu ikitembea inapata moto, ukiidumbukiza ghafla kwenye kijito cha baridi hewa ya ndani inasinyaa inavuta, kipumulio kikiwa kimeziba kwa tope inavuta maji kupitia sili. Dawa ni mpira wa bei ndogo, unaunganisha kutoka kwenye kipumulio mpaka juu kwenye boneti, mbele na nyuma, na giaboksi pia. Ni kitu cha bei rahisi kuliko vyote kwenye mpango huu na ningekifanya kabla ya vingi vya bei kubwa. Baada ya safari ya maji legeza nati ya difu kidogo, oili ikitoka nyeupe kama maziwa mwaga yote siku hiyohiyo.

Kujinasua: anza na koleo, kipande cha mbao nene cha kuweka chini ya jeki, kamba inayovutika, na shakeli mbili za maana, na hakikisha gari ina ndoano zilizofungwa kwenye chesisi yenyewe. Usivute kwa kile kichwa cha kuvutia trela, kikikatika kinapita kioo na mtu. Winchi ni ya baadaye, na ukinunua chukua yenye uwezo wa angalau mara moja na nusu ya uzito wa gari ikiwa na mzigo. Gari ya tani tatu na kitu inataka ya ratili 12,000, ambayo ni tani 5.4 hivi. Tupia koti au gunia juu ya waya wakati wa kuvuta, na watu wakae mbali. Kwenye miombo funga mti kwa mkanda mpana. Kwenye mchanga wa ziwa ambako hakuna mti, chimba uzike tairi la akiba, ndo mti wako.

Umeme, matanki, kulala, hivyo ni vya mwisho na sitawachosha navyo. Betri ya pili iwe na kifaa cha kuitenganisha ili friji isikumalizie ya kuwashia. Taa zako sasa, karibu. Ila ukishona turubai na mapazia ya safari za Uvinza na Katavi usichukue la bluu wala jeusi, ndorobo wanapenda hizo rangi na watakuja na familia. Weka wavu kwenye madirisha.

Turbo kwenye 1HZ? Acha. Injini haikutengenezwa kwa joto hilo, pistoni na silinda hedi ndo zinalipia. Na ukija kubadilisha injini kabisa au rangi ya gari, kadi ibadilishwe pia, usisubiri trafiki akusomee.

Boksi la spea likae ndani ya gari toka mwaka wa kwanza: filta za dizeli mbili, maana dizeli ya kwenye madumu huko ndani ina maji na uchafu, belti za feni, hozi ya juu na ya chini ya rejeta, krosi moja, beringi na sili za tairi za upande mmoja, grisi, waya, na nati za tairi. Kazi nzito za gereji zipange mwezi wa sita mpaka wa tisa wakati mafundi wana nafasi na barabara ni kavu, na vitu vya Dar viagize mapema vifike kabla ya mwezi wa kumi, maana mvua zikishaanza kila mwenye gari Kigoma anakumbuka kwamba ana gari bovu, na foleni ya gereji hapo Mwanga inaishia barabarani.