Kabla Hujamtumia Fundi wa Lamu Hanesi na Kamba Inayojikunja

Mtu wa Lamu akishika hela ughaibuni, cha kwanza anachokikumbuka ni nyumba ya kwao: makuti yaliyochakaa juu ya dari, ukuta uliomomonyoka chokaa, au chumba cha kuongeza huko juu. Na wengi wetu tuliofanya kazi kwenye mijengo ya Dubai, Doha au Birmingham tumeizoea hanesi, ile mikanda ya kuvaa mwilini ya kumkinga mtu asianguke, pamoja na lile kasha linalotoa kamba na kuikunja lenyewe. Wazo la kumtumia fundi wa nyumbani kifaa hicho ni zuri, ila lile kasha linategemea mahali pa kulifunga, na nyumba za mawe ya matumbawe hazina mahali hapo mpaka upatafute.

Kwanza ujue kinavyofanya kazi. Ndani ya kasha kuna ngoma iliyozungushiwa waya au mkanda, na springi inayoivuta irudi. Fundi akitembea taratibu, kamba inatoka, akirudi, inajikunja. Akianguka, ngoma inazunguka kwa kasi, vijino vinachomoka na kuikamata, halafu breki inapunguza mshtuko, kama mkanda wa gari unavyokushika dereva akifunga breki ghafla. Kwa sababu kinasubiri kasi, kifaa hiki hakimshiki mtu anayekwenda polepole. Fundi anayeserereka kwenye makuti yaliyolowa masika, au anayezama kwenye rundo la mchanga, anaweza kwenda mbali kabla vijino havijashtuka. Kwenye paa la mteremko kamba lazima itoke juu yake, upande wa kilele, isilegee hata kidogo.

Sasa mahali pa kufungia. Kanuni za usalama kazini za Marekani zinataka nanga, yaani mahali kamba inapofungwa, iweze kuhimili kilonewtoni 22 kwa kila mtu, ambazo ni zaidi ya tani 2 za uzito. Ukuta wa matumbawe na chokaa ni mnene, unatazamika imara, lakini bolti ya kupanuka ukiipiga humo inashika unga. Boriti za mikoko nazo, zile za miaka na miaka, ncha iliyozama ukutani ndiyo huliwa na mchwa, na wewe huioni. Usimruhusu fundi afunge kwenye boriti ya zamani, kenchi za makuti, bomba la maji, kizuizi cha ngazi wala kitako cha tangi. Kinachofaa ni nguzo ya zege yenye nondo, au mshipi wa zege uliozunguka nyumba, uzungushiwe ukanda maalumu wa kufungia. Awe injinia ndiye aliyesema unafaa. Na kama nyumba iko ndani ya Mji wa Kale, ulioingia kwenye orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO mwaka 2001, kabla ya kutoboa chochote pitieni kwanza kwa watu wa Makumbusho ya Taifa ya Kenya.

Pasipopatikana nguzo ya namna hiyo, msimamo wangu ni mmoja: acha kifaa kwenye sanduku, pesa hizo zijenge jukwaa imara lenye mbao za kutosha na reli za kukinga pembeni. Kumfunga mtu kwenye kitu kitakachong'oka pamoja naye ni kumwongezea mzigo wa kuanguka nao.

Malindi mambo ni mepesi kidogo. Nyumba nyingi mpya za upande wa Casuarina ni za tofali na zege, nguzo zipo. Shida ya huko ni mabati: ukingo wake unakata. Waya au mkanda wa kawaida ukivutwa juu ya ukingo mkali wakati mtu anaanguka unaweza kukatika. Kuna aina zilizotengenezwa makusudi kwa kazi za ukingoni, na kijitabu chake husema hivyo waziwazi. Kama hakisemi, basi si hiyo.

Nanga iwe juu ya kichwa cha fundi na karibu na wima. Akienda pembeni sana halafu akaanguka, atabembea. Lamu hilo ni baya kuliko kwingine, kwa kuwa vichochoro ni vyembamba: kamba itamshika vizuri kabisa, kisha imtwange kwenye ukuta wa jirani. Pima pia nafasi iliyo chini yake. Kwa kiwango cha Ulaya cha EN 360, kifaa kinaruhusiwa kwenda hadi mita 2 kabla hakijamsimamisha mtu. Ongeza mita nyingine ya tahadhari. Fundi aliye mita tatu juu ya baraza, na amefunga kamba usawa wa miguu, atafika barazani.

Uzito nao umeandikwa kwenye lebo. Vile vya Marekani kwa kawaida huanzia kilo 59 hadi 140, pamoja na nguo na vifaa vya kazi. Vya Ulaya vingi hupimwa kwa kilo 100. Sisi huwa tunaangalia kiwango cha juu tu, na wasaidizi wengi wa fundi ni vijana wembamba. Mtu mwepesi husimamishwa kwa ghafla zaidi, kwa hiyo kiwango cha chini nacho ni sheria.

Siku ya kwanza piga simu ya video, na usiridhike na "tumevaa, mzee". Mwambie fundi akupe mgongo. Pete ya chuma ikae katikati ya mabega. Ikiwa imeshuka kiunoni, hanesi ni kubwa au mikanda imelegea. Mikanda ya mapaja ikaze kiasi cha kupitisha kiganja kilichonyooka, ngumi isipite. Mkanda wa kifua uwe katikati ya kifua, si shingoni. Halafu avute kamba kwa nguvu na ghafla: lazima ikamate. Aivute yote taratibu mpaka mwisho huku akitazama kutu, nyuzi zilizokatika au mkanda uliochanika, kisha airudishe akiwa ameishika. Kuiachia ijirushe ndani huvunja springi. Vingi vina alama inayojitokeza kikishamzuia mtu mara moja. Alama hiyo ikionekana, kifaa na hanesi vyote vinatoka kazini.

Hapo ndipo ninapowaomba ndugu zangu wanaotuma mizigo nyumbani kwa makontena wanisikilize. Vifaa vinavyotolewa bure kwenye mijengo ya huko mara nyingi vimeondolewa kwa sababu: tarehe imepita, vimeshamshika mtu, au mkaguzi amevikataa. Kiwango kingine cha Ulaya, EN 365, kinataka mtu mwenye ujuzi avikague angalau kila miezi 12. Kisichokuwa na lebo wala rekodi ya ukaguzi, kiache hukohuko.

Chumvi ya bahari itakishughulikia kingine chochote utakachotuma. Chagua waya usioshika kutu. Jioni kipanguswe kwa kitambaa cha maji baridi, kikauke kivulini, kilale ndani ya nyumba. Mchanga wa Shela, kijiji cha ufukweni karibu na mji wa Lamu, ni unga, unaingia kila tundu, kwa hiyo kisiwekwe chini. Fundi atataka kukifungua atie oili, mkataze. Na asiunganishe kamba nyingine mbele yake ili ifike mbali.

Ukimweleza yote haya, utaambiwa wazee walipanda hivihivi na Mungu ndiye mlinzi. Ni kweli, na ngamia nasi tumeambiwa tumfunge kwanza.

Limebaki la kumshusha. Mtu aliyening'inia kwenye hanesi bila kusogeza miguu, damu hutuama chini, na anaweza kuzirai na hata kufa ndani ya nusu saa. Kifaa kimemwokoa, lakini lazima kuwe na ngazi inayofika pale, watu wawili wanaojua wafanye nini, na boti iliyokubaliwa mapema kama kazi iko Shela au Manda, kwani hospitali iko mjini. Wakati anasubiri, apige miguu ukutani asiiache ilegee.

Sheria ya Kenya ya usalama na afya kazini, na ile ya fidia kwa majeraha kazini, zote za mwaka 2007, hazimwachi pembeni aliyeajiri, hata akiwa Minneapolis. Muulize mkandarasi bima ya wafanyakazi kabla hujatuma awamu ya kwanza. Kisha tenga siku moja ya kuvaa, kuvuta na kushushana wakiwa chini kwanza, na siku hiyo uilipe kama siku ya kazi.