SOMO: Lini umtenge kinda wa njiwa na wazazi wake (maswali ya wadau yako chini)

Wakuu salaam. Kila mtu anayeanza kufuga njiwa manga akifika kwenye makinda anauliza swali hilo hilo, niwatoe lini kwa wazazi, na wengi wanataka uwatajie siku tu, wiki ya nne au ya tano, bas waende. Siku zinasaidia sikatai, lakini mi nasema angalia maji kwanza. Kinda anayekunywa maji mwenyewe ndo wa kutengwa, yule asiyejua kunywa hata kama manyoya yamejaa na anadonoadona punje muache kwa baba ake mana ukimtoa atakufa kimyakimya ndani ya siku chache na wewe utasema ni ugonjwa.

Hatua ya 1. Andika tarehe ya kuanguliwa, hata kwa chaki pale mlangoni kwenye banda. Jike anataga mayai mawili, la pili linakuja karibu siku mbili baada ya la kwanza, wanaatamia kwa zamu yeye na dume kama siku 17 au 18. Zile siku za mwanzo kabisa kinda hali nafaka, analishwa maziwa ya gole (gole ni kile kifuko cha chakula chini ya shingo), ule ute mzito mweupe ambao wazazi wote wawili wanautoa, dume pia anautoa sio jike peke yake. Nafaka zinaanza kuchanganywa humo taratibu kadiri siku zinavyokwenda.

Hatua ya 2. Kuanzia wiki ya tatu weka chakula na maji sehemu ya chini karibu na kiota, kwenye vyombo vifupi ambavyo kinda anafikia. Punje ziwe ndogo, mtama, ngano, choroko, mahindi yawe yameparazwa. Weka na kopo la matofali yaliyopondwa pamoja na maganda ya mayai yaliyokaushwa, njiwa hana meno, vile vijiwe ndo vinamsagia chakula kwenye firigisi. Makinda wanajifunza kwa kumuangalia mkubwa anavyodonoa, kwahiyo we kazi yako ni kuwawekea tu.

Hatua ya 3. Hapa ndo penyewe. Ikifika siku ya 28 mpaka 35 mshike kinda mmoja mmoja umkague. Inua bawa, kule chini ya bawa ndo manyoya yanachelewa kufunika, ukikuta bado ngozi ngozi ni mdogo huyo mrudishe. Kichwani vile vinywele vya njano viwe vimepukutika. Halafu njoo kwenye maji. Njiwa hanywi kama kuku, kuku anachota anainua kichwa ndo anameza, njiwa anazamisha mdomo anavuta mfululizo mpaka atosheke. Kinda ambaye hajajua anagusa maji juu juu na kutikisa kichwa, unaweza kudhani kanywa kumbe hajameza kitu. Mshike kichwa taratibu chovya ncha ya mdomo, pua zisiingie kwenye maji, subiri. Ukiona koo linacheza anavuta mwenyewe hapo kashajua, mara nyingi ukimfundisha mara moja hasahau.

Hatua ya 4. Usiwahamishe moja kwa moja, wajaribu kwanza mchana. Watenge kwa wavu humohumo bandani wawe na chakula na maji yao, jioni kabla giza halijaingia wapapase gole. Likiwa limejaa na ni laini, punje na maji vimechanganyika, safi. Likiwa tupu warudishe kwa wazazi walishwe kabla usiku haujaingia. Likiwa limejaa punje kavu tupu ujue amekula ila hajanywa, rudi hatua ya 3. Wakifaulu jioni mbili mfululizo hamisha, uhamishe asubuhi ili wawe na mchana mzima wa kutafuta vyombo viko wapi. Hamisha pacha wote wawili pamoja, na vyombo viwe vilevile walivyozoea.

Wiki ya kwanza huko papasa kidari kila siku, mfupa ukianza kuchongoka kama kisu huyo hali vizuri, mrudishe kwa wazazi wake bila kusubiri kesho.

Na kuchelewa pia kuna hasara jamani. Jike mara nyingi anataga tena makinda wakiwa na wiki mbili au tatu, makinda wanamfuata kwenye mayai wanalilia chakula, wanakanyaga, mayai yanapasuka au yanapoa. Hapo dume ndo anabaki analisha peke yake, akichoka anaanza kuwadonoa kichwani mpaka damu. Kila jozi iwe na viota viwili.

MASWALI

Swali: Mkuu mi makinda wana wiki tano wanaruka vizuri tu ila bado wanamfuata baba yao wanalia na kupiga mabawa, nisubiri?
Jibu: Usisubiri kilio kiishe, wataomba hata wakiwa wameshiba. Papasa gole jioni ukiwa umewatenga, hilo ndo litakwambia.

Swali: Wa kwangu jike kaliwa na paka, makinda wana kama wiki mbili, wataishi?
Jibu: Pole sana ndugu. Wiki mbili dume anaweza kuwamalizia mwenyewe ukimwekea chakula cha kutosha karibu. Ukiona gole liko tupu jioni msaidie, loweka choroko usiku kucha zilainike, fungua mdomo wa kinda weka punje moja moja nyuma ya ulimi, usimmiminie maji mdomoni yataingia kwenye mapafu, mchovye mdomo anywe mwenyewe.

Swali: Kuna kinda ana utando wa njano mdomoni ndani na hataki kula, nimtenge na wenzake?
Jibu: Mtoe leo hii na chombo cha maji kioshwe. Huo ugonjwa wazazi wanawaambukiza watoto wakati wa kulisha, kwahiyo muone daktari wa mifugo atibu na wazazi, ukitibu kinda tu utarudi tena.

Swali: Pacha si ni dume na jike, niwaache wawe jozi?
Jibu: Hapana, wanaweza wakawa madume wote au majike wote. Na wakiwa dume na jike ni ndugu wale, wakifika miezi minne au mitano kabla hawajaanza kutongozana badilishana kinda mmoja na mfugaji mwingine.

Swali: Nataka kununua, niliwahi kununua wakubwa wakarudi kwao wote. Nichukue wa umri gani?
Jibu: Chukua waliotengwa juzijuzi ambao hawajawahi kuruka nje ya banda la mwenyewe. Ila kabla hujalipa muombe muuzaji akuwekee maji mbele yako, uwaone wanavuta. Ukifika nao wafungie kwenye kizimba cha wavu wawe wanaona nje wiki mbili tatu, siku ya kuwafungulia iwe jioni wakiwa na njaa kidogo ili warudi kula.