Kuhalalisha vyeti vya ualimu kwa kazi ya nje ya nchi

Kabla hujalipa chochote, muulize mwajiri kwa maandishi: anataka hati zipi, na je, muhuri uwekwe kwenye cheti halisi au nakala iliyothibitishwa inatosha? Mara nyingi huombwa shahada, cheti cha TEFL (cha kufundisha Kiingereza kama lugha ya kigeni) na cheti cha polisi.

Kisha tazama nchi iliyotoa hati na nchi unayokwenda. Kama Mkataba wa Hague wa tarehe 5 Oktoba 1961 unatumika kati yao, apostili, yaani cheti rasmi cha serikali kinachothibitisha sahihi na muhuri wa hati, peke yake inatosha. Ubalozi hauna kazi hapo. China imo tangu 7 Novemba 2023, kwa hiyo maelekezo ya zamani yanayokutuma ubalozini kwake yapuuze. Soma jedwali la nchi wanachama la HCCH, taasisi inayosimamia mkataba huo, mpaka sehemu ya pingamizi, maana nchi ikimpinga mwanachama mpya, mkataba haufanyi kazi kati yao.

Apostili hutolewa na nchi ilikotoka hati, popote unapoishi. Marekani huenda kwa jimbo: hati iliyothibitishwa na mthibitishaji wa Texas haipati apostili New York, na ripoti ya FBI, idara ya upelelezi ya serikali kuu, hupelekwa Wizara ya Mambo ya Nje ya Marekani.

Jambo linalokwamisha wengi ni sahihi. Hakuna ofisi inayothibitisha kwamba unajua kufundisha. Kila moja inathibitisha sahihi na muhuri uliotangulia, basi. Cheti cha TEFL cha kampuni binafsi kimesainiwa na mtu ambaye serikali haina sampuli ya sahihi yake. Ukikipeleka moja kwa moja, kitarudishwa. Anza kwa wakili mwenye mamlaka ya kuthibitisha hati; yeye huandika uthibitisho, husaini na kugonga muhuri, na apostili inaishuhudia sahihi yake yeye. Hakikisha sahihi hiyo imesajiliwa kwenye ofisi inayotoa apostili.

Ukipokea apostili, ikague hapohapo. Ina kichwa cha Kifaransa, «Apostille (Convention de La Haye du 5 octobre 1961)», na vipengele 10 vyenye namba. Namba 2 ni jina la aliyesaini, 3 ni cheo chake, 4 ni muhuri wake. Visipolingana na hati, rudisha.

Kwa Qatar au Falme za Kiarabu, ambazo hazimo kwenye mkataba, njia ni ndefu: wakili, wizara ya mambo ya nje ya nchi iliyotoa hati, ubalozi wa nchi uendako, kisha wizara ya mambo ya nje ya huko ukifika. Ukiruka hatua, inayofuata itakataa.

Usikipige cheti laminesheni, kwa sababu muhuri hauwezi kugongwa juu ya plastiki. Usichomoe pini zilizoshika apostili hata wakati wa kuskani: zikionekana zimeguswa, hati inaweza kukataliwa. Jina likitofautiana na la pasipoti, ambatisha cheti cha ndoa au kiapo, navyo vihalalishwe vilevile.

Cheti cha polisi kiombe mwishoni. Apostili yenyewe haina tarehe ya kuisha, lakini idara ya uhamiaji inaweza kudai cheti kilichotolewa ndani ya miezi michache tu iliyopita.