Kufunga bwawa la nyumbani kabla ya winta: hangaikia mabomba kwanza, kava baadaye

Ndugu zangu wa Minnesota na majimbo ya jirani, kama mmehamia nyumba yenye bwawa huko nyuma na hii ndo winta yenu ya kwanza nalo, nisikilizeni kabla baridi haijakaza. Watu wengi wanahangaika na kava, sawa, lakini kinachokula hela ni maji yaliyobaki kwenye mabomba. Maji yakiganda yanavimba kama asilimia 9, na bomba likijaa barafu linapasuka tu. Sisi mwaka wa kwanza tulifunika vizuri kabisa ila tukasahau kutoa kizibo kimoja kidogo chini ya pampu, mwezi wa tano tunafungua tunakuta pampu ina ufa unaoingia ukucha.

Usiwahi sana. Subiri maji yenyewe yashuke chini ya nyuzi 18 za Selsiasi yakae hapo, manake ukifunika yakiwa na joto mwani unaota humo ndani. Siku kadhaa kabla, opoa majani, piga brashi kuta, pima pH iwe 7.2 hadi 7.6, halafu weka klorini ya nguvu pampu izungushe usiku kucha. Dawa ya mwani subiri klorini ishuke kwanza, la sivyo klorini inaiharibu na hela yako imeenda.

Punguza maji mpaka sentimita 10 au 15 chini ya mdomo wa skima (lile tundu la ukutani linalovuta majani na uchafu wa juu), lakini tafadhali usiyamalize yote! Maji ya chini ya ardhi yanasukuma, bwawa tupu linaweza kuinuka au kupasuka.

Sasa kazi yenyewe. Zima breka ya umeme, funga gesi ya hita, toa vizibo vyote vya pampu, filta na hita na uvitupie kwenye kikapu cha pampu visipotee. Chukua kompresa, au ile vakyumu kubwa ya gereji ukiigeuza ipulize, anza bomba moja moja: mwanzo pale maji yanaporudi bwawani panatapika kwa fujo, panakohoa, halafu inabaki hewa tupu mfululizo, hapo hapo sukuma kizibo cha mpira ukikaze hewa ikiwa bado inatoka, ukichelewa maji yanarudi. Bomba la tundu la chini puliza mpaka mapovu yapande juu, kisha funga valvu yake upesi hewa ibaki ndani izuie maji. Kwenye skima tia chupa tupu ya plastiki yenye kokoto kidogo, barafu ikivimba inaibana chupa badala ya kuvunja skima. Ukiongeza antifrizi (dawa ya kuzuia maji yasigande) iwe ya mabwawa, ya gari ni sumu.

Kava mwisho. Kwa nyumba yenye watoto mimi nasema nunua ile ya usalama inayofungwa kwa mikanda na springi kwenye vyuma vilivyochimbiwa sakafuni, kaza mpaka ukiibonyeza inarudi. Turubai la kawaida linakusanya maji ya mvua juu yake na mtoto anaweza kuzama humo humo, kwa hiyo weka kipampu cha kuyatoa, na kila mvua kubwa ikipita toka nje uangalie, hata kama umechoka na kazi.