Lehemu (kolesteroli) imepanda baada ya kupunguza wanga: kupima na kurekebisha

Ukipunguza wanga, trigliseridi (mafuta yanayozunguka kwenye damu) hushuka na HDL (lehemu nzuri) hupanda. LDL (lehemu mbaya) haitabiriki. Kwa wengi hubaki pale pale, lakini kwa baadhi, hasa wembamba wasio na kisukari, huruka juu sana. Usikimbilie kurudi kwenye ugali wala usiipuuze karatasi ya maabara. Fuata mpangilio huu.

Hatua ya 1: pima wakati unaofaa. Uzito ukiwa bado unashuka haraka, lehemu huyumba. Subiri utulie kwa mwezi mmoja hivi. Ukiwa na malaria au homa nyingine ahirisha, kwa sababu ugonjwa huishusha LDL kwa muda ukadhani umepona. Ukila saa mbili usiku, damu itolewe saa mbili asubuhi, maji ruhusa. Wapo wanaofunga saa 20 wakidhani ndiyo kipimo safi zaidi, kumbe kwa mtu wa wanga kidogo mfungo mrefu huipandisha LDL.

Hatua ya 2: omba vipimo vyenye maana. Kipimo kamili cha lehemu (jumla, LDL, HDL, trigliseridi), HbA1c (wastani wa sukari wa miezi kama mitatu), figo, na TSH (kipimo cha tezi ya shingoni), maana tezi iliyolegea hupandisha LDL peke yake. Ukimudu, ongeza ApoB, inayoonyesha wingi wa chembe zinazobeba lehemu. Lp(a), aina nyingine ya chembe za lehemu, ni ya kurithi, hupimwa mara moja maishani inatosha. Hivi viwili havipatikani kila maabara. Kabla hujapanda bodaboda kwenda hospitali ya Bombo, Tanga, au maabara binafsi, piga simu uulize kama wanapima na bei yake.

Soma kizio. LDL ya mg/dL igawe kwa 38.7 upate mmol/L, ila trigliseridi igawe kwa 88.6. Wengi hugawa zote kwa namba moja, wakaishia na hofu isiyo na sababu.

Hatua ya 3: tazama hatari nzima. Majedwali ya Shirika la Afya Duniani ya mwaka 2019, kwa wenye miaka 40 hadi 74, hutumia umri, jinsia, sigara, presha ya juu, kisukari na lehemu ya jumla. Hayakufai ikiwa LDL imefika 4.9 mmol/L (190 mg/dL) au zaidi: hapo muone daktari moja kwa moja. Mwambie pia kama baba au kaka alipata shambulio la moyo kabla ya miaka 55, mama au dada kabla ya 65.

Hatua ya 4: badilisha mafuta. Hapa ndipo pwani tunapokwama. Mtu anaacha wali, anabaki na nazi yake yote, tena anaongeza samli ili ashibe. Kijiko kikubwa cha mafuta ya nazi kina takribani gramu 12 za mafuta mgando, yale yanayopandisha LDL, cha samli gramu 8 au 9, cha alizeti gramu moja na nusu. Kikombe cha tui zito hupita gramu 40. Kwa anayekula kalori 2,000, kiwango cha siku nzima kisizidi gramu 22! Wanga kidogo si lazima kuwe na samli nyingi.

Kasimile (tui zito la kwanza) iache iwe ya sikukuu. Kisamvu kipikwe kwa karanga zilizosagwa, mchuzi wa samaki kwa nyanya, limau na kijiko cha alizeti. Pale soko la samaki la Deep Sea chukua vibua au dagaa, uchome au uchemshe. Samaki wa kupaka aliyeogeshwa tui anakurudisha ulikotoka. Shibe itoke kwenye parachichi, korosho kiganja kimoja, bamia, mchicha na maharage kiasi. Maganda ya isabgol (nyuzinyuzi za mbegu za psyllium), gramu 10 kwa siku katika maji mengi, husaidia kushusha LDL. Yakinywewa na maji machache hukwama kooni.

Hatua ya 5: rudia baada ya wiki 6 hadi 8, maabara ile ile. LDL ikigoma, na wewe ni mwembamba, ongeza gramu 50 hadi 100 za wanga kwa siku (kiazi kitamu cha wastani kina kama 30), upime tena. Ikigoma bado, ni zamu ya dawa.

Maswali ya wanachama

*Shikamoo mwalimu. Jumla 8.2, HDL 1.9, trigliseridi 0.7. Nimeambiwa uwiano huu mzuri wa trigliseridi kwa HDL unatosha.*

Marahaba. Hautoshi. Toa HDL, kisha toa trigliseridi iliyogawanywa kwa 2.2: LDL yako ni kama 6.0. Uwiano mzuri unasema insulini yako inafanya kazi, haufuti chembe zilizojaa kwenye damu. Muone daktari wiki hii, huku ukianza hatua ya 4.

*Nikipiga picha ya CT ya kalsiamu kwenye mishipa ya moyo ikatoka sifuri, naweza kuendelea na samli?*

Hapana, kaka. Picha ile huona utando uliokwisha kuwa mgumu. Ule laini haionyeshi. Chini ya miaka 40 sifuri ni jambo la kawaida hata kwa mwenye hatari.

*Mama anatumia glibenclamide (dawa ya kisukari) na dawa ya presha. Aanze kupunguza wanga kesho?*

Asianze kabla ya kuonana na daktari wake. Wanga ukishuka na dozi ikabaki ile ile, sukari inaweza kuanguka usiku, na presha nayo ikashuka hadi kizunguzungu. Dozi hurekebishwa kwanza.

*Je, kahawa ya kijiweni, bila sukari?*

Sukari siyo tatizo pekee, shehe. Kahawa inayochemka ndani ya dele haichujwi, na mafuta yake yaitwayo kafestoli hupandisha LDL. Anayekunywa vijikombe sita kila jioni ajaribu wiki sita za kahawa iliyochujwa kwa karatasi, au chai ya tangawizi, kabla ya kurudia kipimo.