Maji ya Uzazi Yanapopungua Kabla ya Wiki ya 34: Namna ya Kumhudumia Mama

Kosa la kwanza ni kuhangaikia maji yenyewe kabla ya kujua yamekwenda wapi. Hakiki kipimo: altrasaundi ipime kimo cha wima cha mfuko wa maji ulio mkubwa kuliko yote, mahali pasipo na kitovu wala viungo vya mtoto, na kikiwa chini ya sentimita 2 ndipo useme maji ni machache. Kujumlisha vipimo vya mifuko ya pande 4 za tumbo la uzazi huongeza idadi ya wanaoanzishiwa uchungu bila kumfaidia mtoto.

Kisha muulize mama kama analowa. Mpe pedi safi atembee nayo kidogo, uitazame rangi na kuinusa. Halafu, kwa spekulamu (kifaa cha kufungulia uke) iliyotakaswa, angalia kama maji yanachuruzika kutoka mlango wa kizazi anapokohoa. Asipokuwa na uchungu usimpime kwa vidole, kwa maana vidole hupandisha vijidudu. Uliza na dawa: diklofenaki na ibuprofeni, ambazo wengi hujinunulia tu dukani, hupunguza mkojo wa mtoto, na mkojo huo ndio sehemu kubwa ya maji hayo.

Chupa ya uzazi ikiwa imepasuka, alazwe penye huduma ya watoto njiti na apewe antibiotiki ya erithromaisini miligramu 250 mara 4 kwa siku, kwa siku 10. Kati ya wiki ya 24 na ya 34, ikiwa hana maambukizi na anatarajiwa kujifungua ndani ya siku 7, achomwe deksamethasoni, ya kukomaza mapafu ya mtoto, miligramu 6 kwenye msuli kila saa 12, sindano 4. Kabla ya wiki ya 32, uzazi ukikaribia, magnesiamu salfeti hulinda ubongo wa mtoto. Zikitokea homa na maji yenye harufu, azalishwe bila kungoja wiki zitimie.

Chupa ikiwa nzima, pima shinikizo la damu, ukuaji wa mtoto, figo zake na mtiririko wa damu kitovuni. Kunywa lita 2 za maji huweza kuongeza kipimo kwa muda, lakini hakuponyi kondo lililochoka. Sildenafili, dawa ya kutanua mishipa ya damu, isitumike: jaribio la Uholanzi kwa watoto waliodumaa tumboni lilisimamishwa mwaka 2018 baada ya vichanga kufa kwa matatizo ya mapafu.

Akiruhusiwa kwenda nyumbani, aelezwe waziwazi kwamba mtoto akipunguza kucheza arudi siku hiyo hiyo, hata kama tarehe ya kliniki ni kesho.