Komba analia mti gani? Mtafute kwa simu nne

Komba akilia usiku kila mtu anaonyesha upande wake, ila ukiwa na simu nne za kawaida unaweza kuufikia mti wenyewe. Simu iliyo karibu inasikia kwanza, na sauti hewani inaenda kama mita 346 kwa sekunde kukiwa na nyuzijoto 25, yaani milisekunde 1 ni kama sentimita 35.

Kabla giza halijaingia chagua sehemu nne kuzunguka miti anakolilia, mita 30 au 40 kati ya simu na simu, pima kwa tepu pande zote na za kukatiza pia. GPS ya simu usiitegemee, kukosea mita 5 kwake ni kawaida. Rekodi kwa apu inayotoa WAV (faili la sauti lisilobanwa), zima kichuja kelele kama kipo, simu iwe kwenye hali ya ndege. Voisi noti za WhatsApp achana nazo.

Sasa wengi wanafeli hapa: saa za simu hazilingani, na nusu sekunde tu ni zaidi ya mita 170! Kwa hiyo anzisha rekodi simu zote zikiwa pamoja mezani, gonga mbao mbili kwa nguvu mara moja, halafu zipeleke sehemu zake bila kusimamisha rekodi. Ukimaliza zirudishe pale pale ugonge tena, usiache hii kabisa, maana ndani ya dakika 10 simu mbili zinaweza kuachana milisekunde 12, na hizo ni mita 4.

Fungua rekodi zote kwenye Audacity, programu ya kuhariri sauti, zilinganishe pale mbao zilipogongwa, kisha vuta karibu uangalie mlio unapoanza, sio unapokuwa mkubwa. Tuseme simu A imesikia milisekunde 58 kabla ya simu B, basi komba yuko karibu na A kwa mita 20 zaidi. Kwenye GeoGebra, programu ya kuchora hesabu, weka simu zako kama nukta kwa vile vipimo vya tepu, andika Hyperbola(A, B, 10), ni 10 kwa sababu inataka nusu ya tofauti. Itachora mikunjo miwili, chukua ulioelekea A. Fanya hivyo A na C, A na D, inapokatana ndipo alipo.

Isipokatana karibu karibu, rudia kwanza kulinganisha ule mlio wa mbao, halafu angalia kama kuna ukuta unaorudisha mwangwi. Jenereta usilitafute kwa njia hii, mlio wake hauna mwanzo wa kushika kwa macho.